Pima Maji

Kipimajoto kililia kama kifaranga.
Nikakisogeza kwenye mwanga wa simu:
thelathini na tisa, nukta nne.
Mimi ni fundi wa kuta, nyuzi nazijua,
nimezivuta kona hadi kona kule Mtumba
tukipandisha ofisi za watu nisiowajua.
Nyuzi hizi sikujua zinafungwa wapi.

Mama yako alikuwa Mpwapwa, msibani.
Wewe, Ndahani, kifuani kwangu
kama tofali lililotoka tanuruni jana,
nje kivuli, ndani moto.

Nilikuwa nimekufunika. Nakiri.
Julai ya Dodoma ina meno,
upepo unapita chini ya mlango na vumbi lake,
nikakuvika sweta, soksi, kofia,
na juu ya yote lile blanketi la wageni.
"Mvue!" Sechelela simuni,
nyuma yake watu wanaimba za kuzika.
"Mvue, Masinga, unamwoka mtoto!"
Nikakumenya kama kitunguu,
ganda kwa ganda, ikabaki fulana.
Nikaifuata ndoo. "Na maji ya baridi usimmwagie!"
Alinionaje, toka Mpwapwa?

Kisha dawa.
Kadi ya kliniki ilikuwa chini ya risiti za saruji:
kilo kumi na moja,
mwandiko wa nesi umeinama kama uzio wa miiba.
Mililita tano, kwa bomba lake, si kijiko;
kila nyumba ina kijiko chake.
Nikaliinua bomba usawa wa jicho
niinuavyo pima maji juu ya linta,
nikangoja kipovu kitulie.
Nikaandika ukutani kwa penseli ya kazi:
saa nne na robo.
Chini yake: saa kumi na robo, si kabla.

Mama Nyemo akagonga. Alisikia kilio.
Mkononi kigae cha makaa,
na kinyesi kikavu cha tembo
alichokinunua kwa bei ya jogoo.
"Degedege inamnyemelea. Mfukize."
Huyu ndiye aliyenipa uji nilipohamia mtaa huu,
simfukuzi mtu kama huyo.
Nikasema, mama, moshi utambana kifua.
Nishikie taa tu.
Akakiacha kigae nje, shingo upande,
akashika taa mpaka betri ikafa,
akaendelea kuishika.

Bomba la mtaa lilikuwa kavu tangu Jumanne.
Ndoo moja; nusu nikaichemsha, ikapoa.
Kikombe ulikataa. Kijiko ulikitema.
Ukakubali kifuniko cha chupa ya soda.
Vifuniko kumi na saba. Nilihesabu,
maana kuhesabu ndiyo sala niijuayo.

Sechelela alinisomea, nikarudia kama mtoto wa shule:
akikakamaa, akitapika kila kitu,
asipoamka ukimwita, usingoje kuche.
Nilimlipa Chilongani alale na viatu,
pikipiki imeelekea barabarani.
Nikakuita kila nusu saa, Ndahani, Ndahani,
ukafumbua jicho moja kwa hasira.
Sijawahi kupenda hasira ya mtu hivyo.

Saa nane: thelathini na nane, nukta tisa.
Saa tisa: nukta mbili.
Fulana imelowa. Mama Nyemo anakoroma, taa mkononi.

Asubuhi, zahanati, nesi alikutoboa kidole.
Tone moja, mstari mmoja.
"Malaria hana." Akawasha kitochi,
akachungulia sikio la kushoto, akanyamaza.
"Alikuwa akilivuta?"

Ulikuwa ukilivuta. Siku mbili.
Nilidhani unacheza.

Mama yako alirudi Alhamisi na vumbi la basi.
Aliusoma ukuta toka juu hadi chini,
saa, nyuzi, vifuniko,
akagusa mstari wa mwisho kwa kidole
kama anayepima rangi imekauka.
Chokaa nimenunua. Ipo pale mlangoni.
Sijapaka.